Mwendo wa Gari la Nyuma

Mtu anayejiunga na msafara wa magari ya kale, yaani magari yaliyoundwa miongo mingi iliyopita ambayo wenyewe wameyatunza ili yaendelee kutembea, hukubali kuacha kitu ambacho dereva wa kawaida hukishikilia kwa nguvu zote, nacho ni haki ya kuamua mwendo wake. Katika barabara ya kila siku dereva huondoka anapotaka, huwapita wengine anapoona nafasi, na akifika mapema hujihesabu kuwa amefaidika. Ndani ya msafara uamuzi huo huhamia kwa gari la nyuma, na gari la nyuma mara nyingi ndilo lenye injini dhaifu kuliko zote, breki zinazohitaji kupumzishwa kila baada ya mteremko mrefu, na rejeta inayochemsha kabla jua halijafika utosini. Wenye magari yenye nguvu hungoja kwenye njia panda na kwenye vituo vya mafuta mpaka gari hilo lionekane, na wakati mwingine hungoja saa nzima. Inastahili kutafakariwa kwamba watu hulipa fedha nyingi, huchukua likizo ndefu na kuyapakia magari yao melini ili waingie katika utaratibu huo wa kungojana, na kwamba wengi wao hurudi tena wakipata nafasi.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba watu hao wanatamani siku zilizopita, lakini maelezo hayo hayatoshi. Aliyezaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili hana kumbukumbu yoyote ya dunia iliyoliunda gari lake la mwaka 1925, na kama shauku yake ingekuwa ni ya zamani tu, angeridhika kulisugua na kulitazama likiwa bandani chini ya turubai. Anayelitoa bandani na kulipeleka katika njia ya maelfu ya kilometa, ambako vumbi, mawe na mvua vitaharibu kazi ya miaka kadhaa ya matunzo, anatafuta jambo ambalo kulitazama gari hakuwezi kumpa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba anachokitafuta ni hali ya kuwahitaji watu wengine waziwazi, hali ambayo gari la kisasa limeificha kwa ustadi mkubwa hata dereva wake akaamini kwamba anajitosheleza.

Chanzo cha hali hiyo kiko chini ya boneti. Katika gari la leo kompyuta ndogo hupima hewa, joto na petroli mara nyingi katika kila sekunde na kurekebisha mchanganyiko wake bila dereva kujua, lakini gari la miaka ya 1930 au 1950 hutegemea kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa kwa kiasi ambacho mkono wa fundi ulikipanga siku fulani, mahali fulani, katika hali fulani ya hewa. Kwa kuwa hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda mlima, gari lililopangwa vizuri pwani hufika nyanda za juu likitoa moshi mweusi na kukosa nguvu, kwa sababu petroli inayoingia imezidi hewa ya kuiunguza. Joto nalo lina hila zake, kwani petroli inayopita katika bomba jembamba karibu na injini huweza kugeuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta, na pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika haiwezi kusukuma mvuke, hivyo gari huzima katikati ya mlima huku tangi likiwa limejaa. Tiba yake ni kitambaa kilicholowekwa maji baridi na kuwekwa juu ya pampu na bomba, pamoja na subira. Breki za ngoma, ambamo vipande viwili vilivyopinda hutanuka na kugandamiza ngoma ya chuma kutoka ndani, hupata moto kwenye mteremko na kupoteza mshiko dereva anapouhitaji zaidi, ndiyo maana madereva wenye uzoefu huteremka kwa gia ileile ambayo wangepandia. Pointi, yaani vile vipande vidogo vya chuma vinavyofunguka na kujifunga ili plagi zipate cheche kwa wakati wake, huungua na kulika, na nafasi iliyo kati yake ikibadilika kwa unene wa ukucha injini nzima hukosa mpangilio.

Takriban kila moja ya hitilafu hizi hutibika kando ya barabara kwa spana, bisibisi na waya, na hilo ndilo linalomtofautisha mwenye gari la kale na mwenye gari jipya ambaye, taa moja ikiwaka kwenye dashibodi, hana la kufanya ila kupiga simu. Hata hivyo, ni chache kati ya hitilafu hizo ambazo mtu mmoja huzimaliza peke yake, kwa sababu mmoja hulala chini ya gari, mwingine huzungusha hendeli, wa tatu husikiliza mlio, na wa nne ndiye mwenye kifaa kinachohitajika. Hakuna gari linaloweza kubeba vipuri vyake vyote, hivyo msafara uliopangwa vizuri hugawana mzigo tangu mwanzo: huyu hubeba pampu ya maji ya ziada, yule hubeba koili na kondensa, mwingine hubeba tyubu na viraka, na kila mmoja hujua ghala lilivyotawanywa katika buti za wenzake. Ujuzi nao hugawanyika kwa namna hiyohiyo. Anayefahamu dinamo si lazima afahamu giaboksi, na mtu ambaye kwa siku kumi hakutamka neno mezani huenda akawa ndiye pekee anayejua kurekebisha kabureta mbili zilizounganishwa kwa fimbo moja.

Ugumu wa kuyashika makubaliano ya namna hiyo haujafunuliwa na safari yoyote kama ulivyofunuliwa na ile ya mwaka 1907, ambayo wapenzi wa magari ya kale huirejelea hadi leo wakiihesabu kuwa chimbuko la safari zao. Tarehe 31 Januari mwaka huo gazeti la Paris liitwalo Le Matin liliuliza kama yupo mtu ambaye angekubali kusafiri kwa gari kutoka Peking, yaani Beijing ya sasa, hadi Paris, umbali unaokadiriwa kuwa kilometa 15,000, wakati ambapo sehemu kubwa ya njia hiyo haikuwa na barabara iliyojengwa kwa ajili ya gari lolote. Magari yaliyofika mwanzo wa safari yalikuwa matano: Itala ya Scipione Borghese, mwanamfalme wa Italia, De Dion-Bouton mbili zilizoendeshwa na Georges Cormier na Victor Collignon, Spyker, gari la Uholanzi, iliyoendeshwa na Charles Godard, na Contal ndogo ya magurudumu matatu ya Mfaransa Auguste Pons. Nguvu za magari hayo hazikulingana hata kidogo, kwa kuwa Itala ilikuwa na injini ya zaidi ya lita saba, De Dion-Bouton zilihesabiwa kuwa na nguvu za farasi 10 kila moja, na Contal nguvu za farasi 6 tu. Kwa kulijua hilo, na kwa kujua kwamba mbele yao kulikuwa na milima na jangwa la Gobi ambako petroli ilikwisha kutangulizwa kwa ngamia, madereva walikubaliana kwenda pamoja na kusaidiana angalau mpaka Irkutsk, mji ulioko Siberia.

Waliondoka tarehe 10 Juni, na makubaliano hayo hayakudumu. Itala iliwatangulia wenzake na kuwaacha nyuma, na De Dion-Bouton na Spyker, ingawa zilibaki karibukaribu kwa sehemu kubwa ya safari, ziliendelea bila Pons, ambaye gari lake lilishindwa kufuata mwendo wa wengine. Pons na fundi wake waliishiwa petroli katika Gobi, wakatembea kwa miguu wakitafuta msaada mpaka nguvu zikawaishia, na waliokolewa na wafugaji wa kuhamahama waliowakuta. Contal ilibaki huko huko jangwani. Borghese aliingia Paris tarehe 10 Agosti, baada ya kuchepuka kutoka Moscow hadi St Petersburg kwa ajili ya karamu na kurudi tena katika njia yake bila kupoteza nafasi ya kwanza, ilhali waliomfuata walifika tarehe 30 Agosti, siku 20 baadaye.

Ni rahisi kumhukumu Borghese, lakini haki inadai pia kusema kwamba hakuna aliyejiandaa kama yeye. Kabla ya safari alikwenda kuikagua milima iliyo kaskazini ya Peking akiwa na fimbo ya mwanzi iliyokatwa kwa upana wa gari lake, akaipima kwa fimbo hiyo mipito myembamba ili ajue ni wapi gari lingepita na ni wapi lingekwama. Alikuwa na Ettore Guizzardi, fundi kijana aliyekulia chini ya uangalizi wake baada ya baba yake, dereva wa treni, kufa ajalini, na uangalifu wa Guizzardi kwa ile injini ndio uliolifikisha gari. Kosa la Borghese, kama linaweza kuitwa hivyo, lilikuwa la namna nyingine: aliamini kwamba mpango mzuri humwondolea mtu wajibu wa kuwangoja waliopanga vibaya. Waswahili husema kutangulia si kufika, na katika safari ile aliyetangulia ndiye aliyefika, jambo linaloonyesha kwamba hekima hiyo haitolewi kama utabiri wa matokeo. Inauliza kufika maana yake nini pale ambapo watu wameahidiana kwenda pamoja.

Zaidi ya hayo, kutangulia kwake hakukumfanya asihitaji watu. Kulibadilisha tu watu aliowahitaji. Katika mipito ya milima kati ya Peking na Kalgan magari yalivutwa kwa kamba na makundi ya wanaume pamoja na nyumbu, kwa kuwa injini hazingeweza kupanda juu ya mawe yale. Karibu na ziwa Baikal daraja la mbao lilivunjika chini ya uzito wa Itala, na gari pamoja na waliokuwemo likaanguka kinyumenyume kati ya mbao zilizovunjika, likatolewa kwa mikono ya wafanyakazi wa reli. Mamlaka za Urusi ziliruhusu gari lipite juu ya mataruma ya reli ya Siberia pale ambapo madaraja ya barabara yalikuwa yameoza. Gurudumu la mbao lilipolegea, mtengenezaji wa mikokoteni karibu na Perm alilijenga upya kwa shoka, na ustadi wake ulitosha kulifikisha Paris gari ambalo kiwanda chake kilikuwa Torino. Hata habari za safari zilitegemea watu waliokaa peke yao katika vituo vya telegrafu; Luigi Barzini, mwandishi wa gazeti la Corriere della Sera aliyesafiri ndani ya Itala, alipotuma ripoti kutoka kituo cha Pong-Kiong jangwani aliona imeandikwa namba moja, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametuma ujumbe kutoka hapo tangu kituo kifunguliwe.

Historia ya magari inawafahamu kwa jina mwanamfalme, fundi wake na mwandishi wa habari, lakini haimfahamu yule mtengenezaji wa mikokoteni. Pengo hilo si la kumbukumbu za magari peke yake. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulitambua katika kumbukumbu za misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ambayo kwa Wazungu wengi waliopita humo ilikuwa safari ya mtu mmoja mashuhuri, ingawa mizigo, njia, chakula na mapatano na watawala wa kila eneo yalikuwa mikononi mwa mamia ya wapagazi na viongozi ambao majina yao hayakuandikwa. Misafara hiyo ilikuwa na nidhamu ambayo wapanga safari za magari ya kale wangeitambua mara moja. Mbele alitembea kirangozi, mtu aliyeijua njia na ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumpita, na kila njia ilipogawanyika aliifunga ile isiyofaa kwa kuweka matawi au kuchora mstari ardhini, ili aliyechelewa, aliyechoka na aliyebeba mzigo mzito kuliko wengine asipotee. Katika misafara ya magari ya leo gari moja husimama kwenye njia panda mpaka gari linalolifuata lionekane, ndipo liondoke na kuliachia jukumu hilo gari lililofika, na utaratibu huo hurudiwa mpaka gari la mwisho lipite. Katika desturi zote mbili njia hupangwa kwa ajili ya yule aliye nyuma, ambaye hawezi kuwaona walio mbele.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba Siberia yenyewe haikuwa ngeni kwa Kiswahili magari yale yalipoivuka. Katika kitabu cha Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, Salim bin Abakari alikuwa amekwisha kusimulia safari yake ya Urusi na Siberia aliyoifanya mwishoni mwa karne ya 19 akimtumikia Mjerumani, na masimulizi yake yanaonyesha jinsi barabara inavyoonekana na mtu ambaye hakuichagua, ambaye kazi yake ni kufunga na kufungua mizigo. Kama historia ya safari ya mwaka 1907 ingeandikwa kutoka upande huo, yaani upande wa waliovuta kamba na waliotanguliza petroli jangwani, huenda mshindi wake asingekuwa jambo kubwa.

Njia ya Peking hadi Paris haikurudiwa kwa utaratibu wa namna ile kwa karibu karne nzima, na sababu yake haikuwa udhaifu wa magari. Mapinduzi, vita viwili vya dunia na mipaka iliyofungwa viliifanya njia hiyo isipitike na gari la mtu binafsi, hata ingawa magari yalikuwa yameimarika mara nyingi kuliko ya Borghese. Ni mwaka 1997 ambapo Mwingereza Philip Young alifanikiwa kupeleka kundi la magari ya kale kutoka Beijing hadi Paris, na hata hivyo njia ilipita Tibet, Nepal, India, Pakistan, Iran na Uturuki badala ya kupita Gobi na Siberia. Gari lililoshinda lilikuwa Willys Jeep ya mwaka 1942, yaani gari la vita lililotumika kwa matembezi ya amani. Mwaka 2007, miaka 100 baada ya safari ya kwanza, magari yalipita Mongolia na Urusi, na njia hiyo ilirudiwa kwa sura mbalimbali katika miaka iliyofuata. Safari ya mwaka 2024 iliikwepa Urusi kwa sababu ya vita, ikapitia Kazakhstan, bahari ya Caspian, Azerbaijan, Georgia na Uturuki. Ramani ya msafara wa magari ya kale, kwa hiyo, ni kipimo cha namna mataifa yanavyoelewana katika mwaka husika, kwa kuwa msafiri wa gari humtegemea jirani wa jirani yake. Ndege hupita juu ya ugomvi mwingi, lakini gari halina budi kusimama kwenye kila kizuizi na kuomba ruhusa.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa jambo hilo. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Coronation Safari, yaliyopewa jina hilo kwa sababu ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara ambazo mvua moja iliweza kuzigeuza mito ya matope. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na sifa yake ilienea duniani kwa ukali wa njia: mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyomaliza. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mashindano hayo yalikuwa yamebaki Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka kati ya Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Mwaka 2003, miaka 50 baada ya yale ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya magari ya kale yaitwayo East African Safari Classic Rally, na zaidi ya mara moja yamevuka mpaka uleule, hivyo Datsun na Ford Escort zilizoundwa wakati wa ugomvi zimepita pale bila kikwazo kikubwa kuliko foleni ya forodha.

Mashindano hayo ni mbio, na mbio zina sheria yake, lakini hata humo utegemezi haufichiki. Joginder Singh, dereva wa Kenya aliyekuwa fundi kabla ya kuwa mshindani, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano ya awali, na ushindi wake ulitokana kwa kiasi kikubwa na masikio yaliyotambua injini inalalamikia nini. Madereva waliokwama matopeni walitolewa na wanakijiji waliosukuma wakiwa wamezama mpaka magotini, wengine kwa malipo na wengine kwa hamu tu ya kuliona gari likitoka, na vijana wengi waliovutiwa na magurudumu yale ndio waliokuja kuwa mafundi. Kuna wanaoona kwamba tukio la magari ya matajiri kupita katikati ya vijiji maskini halina jambo la kusifiwa, na hoja yao ni nzito, kwa sababu vumbi hubaki kijijini na picha huenda kwingine. Msafara unaopita bila kusimama, usionunua chakula wala kuajiri fundi wa mahali, hauna jibu la kuitosha hoja hiyo.

Hoja hiyo huwa nzito zaidi pale ambapo maana rasmi ya gari la kale inapochunguzwa. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, hulitambua gari kuwa la kihistoria likiwa limetimiza angalau miaka 30, likiwa limetunzwa katika hali inayolingana na historia yake, na likiwa halitumiki kama chombo cha usafiri wa kila siku. Sharti la mwisho linaeleweka katika nchi ambako gari likizeeka hupumzishwa, lakini katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, na zaidi mashariki ya Congo, gari la umri huo huenda ndilo linalopeleka ndizi sokoni na wagonjwa hospitalini. Land Rover yenye chesisi iliyochomelewa mara tatu na Peugeot 504 iliyobadilishwa giaboksi kwa kutumia vipuri vya gari la aina nyingine haziwezi kuingia katika maana hiyo, kwa kuwa zinatumika kila siku na kwa kuwa mafundi walizibadilisha ili zisife. Hata hivyo, ujuzi unaoziweka hai ndio hasa ujuzi ambao msafara wa magari ya kale unauhitaji kuliko kitu kingine chochote. Fundi wa gereji ya chini ya mwembe anayeweza kuchonga bushi kutoka kwenye kipande cha shaba, kukata gasketi kwa nyundo juu ya karatasi nene, au kutambua kwa kunusa moshi kwamba oili inaingia kwenye silinda, ni mrithi wa mtengenezaji wa mikokoteni wa Perm, na heshima anayostahili haipungui kwa sababu gari analolitunza lina kazi ya kufanya kesho asubuhi. Wapenzi wa magari wanaokusanyika kila mwaka Nairobi katika maonyesho ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, huyapa alama magari kwa usafi na uasilia wake. Ni jambo jema, na lingekuwa jema zaidi kama mikono iliyoyatunza ingetajwa kwa sauti ileile.

Kinachofanyika katika msafara wakati wa jioni huonyesha mambo haya kwa uwazi kuliko mwendo wa mchana. Baada ya magari kusimama, boneti hufunguliwa moja baada ya nyingine, na watu ambao nchini mwao wangetenganishwa na cheo, umri au utajiri huinama pamoja juu ya injini isiyo ya yeyote kati yao ila mmoja. Mwenye koili ya ziada hukabiliwa na uamuzi mgumu kuliko unavyoonekana, kwa kuwa akiitoa leo, na koili yake mwenyewe ikiungua keshokutwa mahali pasipo na duka, ndiye atakayevutwa kwa kamba. Kwa kawaida huitoa. Baadhi ya watu hueleza tendo hilo kuwa ni ukarimu, lakini hata hesabu ya kawaida humfikisha mtu hapo hapo: aliyepokea koili hubaki barabarani, na akibaki barabarani huongeza idadi ya watu wanaoweza kumsaidia aliyeitoa. Kumwacha mmoja nyuma hupunguza ghala, hupunguza ujuzi na hupunguza macho ya usiku, na msafara unaowaacha watu huwa dhaifu kila siku mpaka wabaki watu wachache wenye magari yenye nguvu wasioweza kusaidiana wakikwama. Waliomwacha Pons hawakuokoa muda mwingi, kwani baadaye kila mmoja wao alikuwa ameshikwa na shida yake; magneto ya Spyker, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, iliharibika Siberia na gari likalazimika kupelekwa Tomsk kwa treni ili litengenezwe huko.

Jambo moja katika maisha ya Pons linapingana na matarajio ya mtu yeyote anayedhani kwamba aliyeachwa jangwani angeichukia barabara. Tarehe 12 Februari 1908, miezi minane baada ya kuokolewa katika Gobi, magari sita yaliondoka Times Square jijini New York kwenda Paris kwa kuelekea magharibi, yakikusudia kuivuka Marekani nzima, kisha Asia, na kupita tena Siberia katika njia ndefu kuliko ile ya kwanza. Pons alikuwa miongoni mwa madereva, na gari lake, Sizaire-Naudin ya Ufaransa, ndilo lililokuwa dogo kuliko yote sita. Safari yake ilikwisha siku hiyohiyo ya kwanza kwa kuvunjika difu, ile gia ya ekseli ya nyuma inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, akiwa bado katika jimbo la New York, katikati ya theluji, lakini karibu na barabara iliyokuwa na nyumba, mafundi na watu wa kumsikia.